Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Atiman alizaliwa mwaka 1866 hivi, katika nchi ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Alipokuwa angali mtoto, wezi wa watu walimnyakua, wakamvusha jangwa la Sahara, wakamwuza kama mbuzi. Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamlea, akabatizwa.

Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika wenyewe wawapelekee ndugu zao dawa za mwili pamoja na neno la Mungu. Basi akampeleka Atiman katika kisiwa cha Malta, pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wajifunze uganga. Mwaka 1888, masomo yalipokwisha, Atiman akatumwa mbali. Alishuka pwani ya mashariki, akasafiri kwa miguu katika msafara, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Mpala.

Je, alikuwa amefika kwao? Sivyo. Rangi yake ilikuwa kama ya watu wa Karema, lakini lugha yao hakuijua, wala desturi zao, wala hakuwa na ndugu pale hata mmoja. Tena watu walikuwa na waganga wao tangu zamani. Kwa nini wamtumaini mgeni?

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Atiman lilikuwa dawa, naye hakungoja kupewa. Alijifunza lugha. Hakudharau maarifa ya wenyeji, bali alichunguza miti yao ya dawa, akaitumia pamoja na dawa za Ulaya. Alitibu wagonjwa, akafundisha dini. Akaoa Agnes, binti wa jamaa ya watawala wa nchi ile. Mwana wao Joseph akapewa upadri mwaka 1923.

Atiman hakurudi kukaa katika nchi aliyozaliwa. Alitumika Karema miaka 67 hivi, hata akafa huko mwaka 1956, mzee mwenye kuheshimiwa na wote.

Enyi wakatekumeni, labda mmoja wenu ataitwa kesho kufanya kazi mbali na kwao. Akumbuke Atiman: alichukuliwa kwao kwa nguvu, lakini Karema aliifanya kwake kwa kuwatumikia watu wake.