Mohamed Amin: Alianza na kamera ya Sh40, akaiamsha dunia

MKULIMA wa majani chai wa Githongo, Kaunti ya Meru, anataka picha za sherehe ya mahari ya bintiye. Mwalimu jirani yake anataka video ya tamasha la shule, naye kijana aliyemaliza kidato cha nne anatafuta kifaa cha kumpatia riziki kwa kurekodi harusi na mazishi. Wote watatu wana swali moja: kwa fedha kidogo walizo nazo, wanunue kamera gani?

Maisha ya marehemu Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Mo, yanawapa jibu ambalo huenda wenye maduka wasiwaambie.

Amin alizaliwa Agosti 29, 1943, katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Babake, mwenye asili ya Punjab, alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli. Mapema katika miaka ya 1950 kazi hiyo ilimhamishia Tanganyika, na familia ikafanya makao Dar es Salaam. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri, na kamera wakati huo ilikuwa chombo cha wenye nacho.

Akiwa na umri wa miaka 11, mvulana huyo alinunua kamera iliyokwisha kutumika, aina ya Box Brownie, kwa Sh40. Kamera za jina hilo zilianza kuuzwa mwaka wa 1900 na kampuni ya Kodak ya Marekani kwa bei ya dola moja, kusudi hata mtoto aweze kumiliki. Kilikuwa kijisanduku chepesi kisichotumia betri, chenye lenzi moja isiyorekebishwa.

Umaskini wa chombo hicho ndio uliokuwa shule yake. Kwa kuwa lenzi haikusogea, mpigapicha alilazimika kusogea mwenyewe. Kwa kuwa haikumudu mwanga hafifu, ilimbidi ajue jua liko upande gani. Roli ya filamu ilitoa picha chache tu na kila moja iligharimu pesa, hivyo alijifunza kungoja hadi wakati wake ufike ndipo abonyeze. Shuleni alijifunza pia kusafisha filamu na kuchapisha picha katika chumba cha giza.

Baada ya hapo alianza kuyauzia magazeti picha zake. Mnamo 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam.

Hapo ndipo ulipoonekana uamuzi uliomtofautisha na wenzake. Hakuridhika na picha za magazeti pekee bali alijifunza pia kutumia kamera ya sinema ya mkononi, akawa anakwenda penye tukio na vyombo vyote viwili. Tukio moja lilimpa bidhaa mbili za kuuza: picha kwa magazeti na filamu kwa vituo vya televisheni. Kijana wa leo anayenunua kamera moja ndogo inayopiga picha na kurekodi video anafuata njia hiyo hiyo, ila Amin alilazimika kuning'iniza mizigo miwili shingoni.

Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa kwanza kufika Unguja. Visiwa hivyo vilimpa sifa, kisha vikampa mateso. Mnamo 1966 alikamatwa huko, akateswa na kufungwa gerezani kwa karibu mwezi mmoja kabla ya kufukuzwa na kurejeshwa Kenya. Akiwa mikono mitupu, alianza upya jijini Nairobi.

Julai 5, 1969, Waziri Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya Nairobi, Amin aliwahi kufika na kurekodi dakika za mwisho za kiongozi huyo. Kwa kazi hiyo alitunukiwa nchini Uingereza tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka huo. Tuzo ilitokana na kuwa na kamera mkononi, tayari, saa ilipohitajika. Kamera nzito inayoachwa nyumbani kwa sababu inachosha kubeba haimfai mwenyewe, hata ikiwa ya bei ghali namna gani.

Miaka iliyofuata ilimfikisha mbali. Alipiga picha za mahujaji mjini Makka na kutoa kitabu juu ya Hija mwaka wa 1978. Aliizunguka Ziwa Turkana, na pamoja na wenzake Duncan Willetts na Brian Tetley akatoa vitabu vya picha vilivyoitangaza Kenya kwa wageni.

Hata hivyo, kazi iliyolifanya jina lake lisisahaulike ni ya Oktoba 1984. Pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, aliingia kaskazini mwa Ethiopia na kurekodi njaa katika kambi za Korem na mji wa Mekele. Siku hizo kamera ya video ya wanahabari ilikuwa mzigo wa watu wawili: mmoja alibeba kamera, mwingine akabeba mashine ya kurekodi iliyounganishwa nayo kwa waya. Taarifa hiyo ilianza kuonyeshwa Oktoba 23, kisha ikarushwa na zaidi ya vituo 400 vya televisheni. Misaada ilimiminika, na Julai 13, 1985, tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia kuwachangia wenye njaa.

Ethiopia hiyo hiyo ilimdai sehemu ya mwili wake. Juni 4, 1991, siku chache baada ya waasi kuutwaa mji wa Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka akiwa anarekodi. Mrekodi sauti wake, John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Alipelekwa Marekani akawekewa mkono wa bandia, akajifunza upya kushika kamera, na baada ya miezi michache akarudi kazini.

Njia aliyoipita inamwachia mnunuzi mambo kadhaa ya kupima. Kwanza ni mwanga. Kwenye miinuko ya Imenti ya Kati, asubuhi yenye mawingu huifanya kamera dhaifu itoe picha za ukungu, kwa hiyo lenzi inayopokea mwanga mwingi ina faida kuliko wingi wa pikseli unaoandikwa kwenye sanduku. Pikseli milioni 12 zinatosha picha ya kutundika ukutani. Pili, uwezo wa kuvuta kitu karibu uwe wa lenzi yenyewe, maana kamera inayokuza picha kwa hesabu za ndani tu huiharibu. Tatu, anayerekodi video aulizie tundu la kipaza sauti na betri ya akiba, kwa kuwa hotuba isiyosikika haina maana.

Kamera ya mitumba si aibu. Mwenye kuitaka airekodi video ya dakika 10 papo hapo dukani, aisikilize, na aikague lenzi kama ina ukungu au mikwaruzo. Na kama simu aliyo nayo tayari inatoa picha safi, fedha hizo afadhali zinunue stendi ya miguu mitatu na kipaza sauti.

Novemba 23, 1996, Amin na Tetley walipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia jijini Addis Ababa kurejea Nairobi. Ilitekwa nyara angani, mafuta yakaisha, nayo ikaanguka baharini karibu na ufuo wa kisiwa cha Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki, wakiwemo marafiki hao wawili. Walionusurika walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuwakabili watekaji kwa maneno.

Ajali hiyo haikurekodiwa na mwanahabari yeyote. Mtalii aliyekuwa akipumzika ufuoni alikuwa na kamera ndogo ya video, ya kurekodia kumbukumbu za nyumbani. Aliielekeza baharini, na ulimwengu ukaona ndege ile ikigusa maji na kuvunjika. Safari iliyoanza kwa kijisanduku cha Sh40 ilihitimishwa mbele ya kamera ya mtu wa kawaida, aliyekuwa nayo mkononi saa ilipohitajika.