Walter Johnson

Walter Perry Johnson (6 Novemba 1887 – 10 Desemba 1946) alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka nchini Marekani. Alikuwa mrushaji wa timu ya Washington Senators kuanzia mwaka 1907 hadi 1927, na anahesabiwa kati ya warushaji bora kabisa katika historia ya mchezo huo.

Maisha ya awali

Johnson alizaliwa katika familia ya wakulima karibu na mji wa Humboldt, jimbo la Kansas. Akiwa kijana alihamia California pamoja na wazazi wake, waliofuata kazi za visima vya mafuta. Baadaye alicheza katika mji wa Weiser, jimbo la Idaho. Huko Senators walimwona na kumsajili akiwa na umri wa miaka 19.

Uchezaji

Mpira wake ulikuwa na kasi ambayo wapigaji wengi hawakuiweza. Lakini timu yake ilikuwa dhaifu na mara nyingi ilimaliza msimu karibu na mkia. Mwaka 1909 alishindwa mechi 25. Mwaka 1913 alishinda 36 na kushindwa 7 tu. Kwa jumla alipata ushindi mara 417, na katika mechi 110 aliwanyima wapinzani alama hata moja. Rekodi hiyo ya 110 haijavunjwa. Hata hivyo, alicheza misimu 17 bila kufika fainali ya ubingwa, yaani World Series.

Fainali ya mwaka 1924

Mwaka 1924 Senators walifika fainali kwa mara ya kwanza, wakapambana na New York Giants. Johnson, aliyekuwa na umri wa miaka 36, alishindwa mechi ya kwanza na ya tano.

Mechi ya saba, iliyokuwa ya mwisho, ilichezwa Washington tarehe 10 Oktoba. Giants waliongoza 3–1 hadi kipindi cha nane, ambapo mpira uliopigwa na Bucky Harris uliruka juu ya kichwa cha mlinzi Freddie Lindstrom, na Senators wakasawazisha. Johnson aliingizwa katika kipindi cha tisa, siku mbili tu baada ya kurusha mechi nzima. Mara moja Frankie Frisch alifika kituo cha tatu, lakini Johnson hakumruhusu kupata alama. Aliwazuia Giants kwa vipindi vinne.

Katika kipindi cha 12 mdakaji wa Giants alikanyaga barakoa yake mwenyewe na kushindwa kudaka mpira wa Muddy Ruel. Ruel akapiga tena na kufika kituo cha pili. Kisha mpira wa Earl McNeely uliruka tena juu ya Lindstrom, Ruel akafunga alama, na Senators wakashinda 4–3. Mshindi wa mechi aliandikwa Johnson. Mji wa Washington haukupata ubingwa mwingine hadi mwaka 2019.

Miaka ya mwisho

Johnson alikuwa kocha wa Washington na baadaye wa Cleveland. Mwaka 1936 alikuwa mmoja wa watu watano wa kwanza kuchaguliwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli. Mwaka 1940 aligombea ubunge katika jimbo la Maryland akashindwa. Alifariki kwa uvimbe wa ubongo.