Daktari wa Texas aliyejitolea asijitoe

Katika Kiswahili, kujitoa na kujitolea hutofautiana kwa silabi moja tu. Anayejitoa ameondoka, anayejitolea amebaki, tena kwa gharama yake mwenyewe. Wanafunzi wangu wa mofolojia huupenda mfano huu kwa kuwa unadhihirisha kazi ya kauli ya kutendea. Mimi huupenda kwa sababu nyingine. Vyama vyetu vingi, viwe vya kijiji, vya kuzikana au vya wazazi shuleni, huanzishwa na watu wa kujitolea na kuishia mikononi mwa watu waliokwisha kujitoa kimoyomoyo, wakingoja tu cheo kikubwa zaidi kije kuwachukua. Ndiposa leo ninakusudia kumsimulia msomaji maisha ya Dkt. Hector P. Garcia, tabibu wa mji wa Corpus Christi katika jimbo la Texas, Marekani, aliyekitumikia chama cha watu wa jamii yake kwa miongo kadhaa pasi na mshahara.

Garcia alizaliwa tarehe 17 Januari 1914 mjini Llera, katika jimbo la Tamaulipas nchini Meksiko. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Machafuko ya mapinduzi yalipozidi, familia ilivuka mpaka mwaka 1917 na kufanya makao Mercedes, kusini mwa Texas. Huko vyeti vya baba havikutambuliwa, naye mwalimu wa watu akageuka muuza vitambaa. Hakuwaachia wanawe udhia huo uwe kisingizio: watoto sita wa nyumba hiyo waliishia kuwa madaktari. Hector mwenyewe alianza masomo ya chuo katika mji wa Edinburg, na kila siku alisimama kando ya barabara akiomba lifti ya kwenda na kurudi. Alihitimu Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1936, akapata shahada ya udaktari huko Galveston mwaka 1940, kisha akajiunga na jeshi. Alihudumu Afrika Kaskazini na Italia, akarejea na nishani ya Nyota ya Shaba pamoja na mke, Bi Wanda Fusillo wa Naples. Mwaka 1946 akafungua zahanati Corpus Christi.

Aliyoyakuta hayakulingana na nishani. Sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imewaahidi askari waliotoka vitani elimu, matibabu na mikopo ya nyumba. Kwa wale wenye asili ya Meksiko, hundi zilichelewa, mafaili yalipotea na vitanda vya hospitali vikakosekana. Wagonjwa wa Garcia walikuwa hao hao, na wengi hawakuwa na pesa. Aliwatibu hivyo hivyo. Tarehe 26 Machi 1948 aliwaita wakutane katika shule moja ya msingi mjini humo, wakaja watu wapatao 700. Usiku huo kikazaliwa chama kilichoitwa American GI Forum.

Hapa mwanaisimu hawezi kupita bila kusimama. Katika jina hilo hamna neno Meksiko wala Hispania. Kuna Marekani, na kuna GI, lakabu ya askari wa kawaida wa nchi hiyo. Jina lilikuwa hoja tayari: anayewakatalia hawa anawakatalia askari wake mwenyewe. Ni ustadi mkubwa wa lugha, ingawa ulikuwa na bei yake, kama tutakavyoona.

Chama hakikuwa cha wanaume waliopigana vita peke yao. Kilikuwa na matawi ya wanawake na ya vijana, hata familia nzima ikawa mwanachama. Fedha zilipatikana kwa ngoma za dansi, nyama za kuchoma na kofia iliyopitishwa mkutanoni. Nasi tunaoijua harambee hatuhitaji kuelezwa zaidi. Wakati huo Texas ilimtoza mpigakura kodi iliyofikia dola 1.75 kwa mwaka, kiasi kilichomuumiza mchumaji wa pamba. Wanachama walikwenda nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wailipe. Kazi ya namna hii haipigwi picha, na ndiyo inayowashinda viongozi wengi.

Jina la chama lilivuma mapema mwaka 1949. Mwili wa askari Felix Longoria, aliyeuawa katika kisiwa cha Luzon, Ufilipino, mwaka 1945, ulikuwa unarejeshwa nyumbani kwao, mji mdogo wa Three Rivers. Mwenye nyumba ya mazishi alikataa ukumbi wake utumiwe kwa mkesha, kwa hoja kwamba wazungu wa mji hawangependa. Jamaa za mjane wakamwendea daktari. Garcia hakukimbilia jukwaani. Alimpigia simu mwenye nyumba ya mazishi huku katibu wake akisikiliza kwenye simu ya pili na kuandika kila neno kwa hatimkato. Ushahidi ulipokuwa mkononi ndipo akatuma simu za maandishi kwa viongozi na magazeti. Seneta mpya wa Texas, Lyndon Johnson, akajibu kwa kupanga maziko katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, na tarehe 16 Februari 1949 Longoria akazikwa huko kwa heshima za kijeshi. Mimi nachukua hatimkato ile kuwa somo zima la uongozi. Katika vyama vyetu muhtasari wa mkutano huandikwa siku tatu baadaye, kwa kukumbuka kukumbuka.

Lakini uwanja uliomchosha zaidi Garcia ulikuwa shule. Watoto wa asili ya Meksiko walitengwa kwa dai la lugha: eti hawajui Kiingereza, basi wakae kando hadi wakijue. Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilikuwa imekataza kufundisha kwa lugha nyingine, na mtoto aliyesikika akisema Kihispania kiwanjani aliadhibiwa. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama anaielewa hali hiyo bila mkalimani. Katika mji wa Driscoll, karibu na Corpus Christi, watoto hao waliwekwa darasa lao, na baadhi walitumia hadi miaka minne kumaliza madarasa mawili ya mwanzo. Chama kikasaidia wazazi kwenda mahakamani. Huko ikabainika kwamba msichana mmoja asiyejua Kihispania hata kidogo aliwekwa katika darasa la wasiojua Kiingereza. Kilichopimwa hakikuwa ulimi wake. Kilikuwa jina lake la ukoo. Mwaka 1957 jaji wa shirikisho akaamua kwamba utengano huo ulikuwa wa kikabila na haukuwa wa kielimu. Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa isimujamii kesi hii, na kila mwaka darasa hunyamaza inapofikia habari za msichana huyo.

Miaka mitatu kabla ya hapo kulikuwa na kesi nyingine, ya mkulima kibarua Pete Hernandez, aliyeshtakiwa kwa mauaji katika kaunti ya Jackson. Kwa miaka 25 hakuna mtu wa asili yake aliyekaa katika juri la kaunti hiyo, yaani lile baraza la raia linaloamua kesi, ilhali watu wapatao 6,000 walikuwa wameitwa kulitumikia. Jimbo lilidai kwamba kisheria Wameksiko ni wazungu, kwa hiyo hakuna ubaguzi. Mawakili Gus Garcia, ambaye hakuwa nduguye daktari, na Carlos Cadena walionyesha choo cha mahakama yenyewe, ambacho mlango wake ulibandikwa tangazo la watu weusi na, chini yake, maneno ya Kihispania yanayowaelekeza wanaume humo. Chama cha Garcia kilikuwa miongoni mwa waliochangisha fedha za kufikisha shauri hilo Washington, na tarehe 3 Mei 1954 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa kauli moja.

Sasa lile la bei ya jina. Mwaka 1953 chama, kwa ushirikiano na shirikisho la wafanyakazi la Texas, kilichapisha kijitabu kilichowalaumu Wameksiko waliovuka mto Rio Grande bila vibali, kwamba wanashusha mishahara na kuleta maradhi. Hata neno lililotumiwa kuwaita lilikuwa tusi. Serikali ilipofanya msako mkubwa wa kuwarudisha kwao mwaka uliofuata, chama hakikusimama upande wao. Naye Garcia alizaliwa ng'ambo ya mto huo huo! Wanahistoria wengine humtetea kwamba wachumaji aliowatibu ndio walioumizwa na mishahara hiyo. Hoja ina uzito, ila mimi hainiridhishi. Chama kilichojenga haki yake juu ya uraia kilijikuta hakina neno la kusema kwa asiye raia, na watu hao ndio waliokuwa wanyonge kuliko wote.

Katiba ya chama ilikikataza kufuata siasa za vyama. Uchaguzi wa mwaka 1960 ulipowadia, Garcia alivua kofia moja na kuvaa nyingine, akasaidia kuunda vilabu vya Viva Kennedy. Shukrani kutoka Washington zilikuwa haba kuliko alivyotarajia. Alirudi kwenye zahanati na mikutano yake. Johnson alipokuwa rais alimteua mjumbe katika Umoja wa Mataifa, na mwezi Oktoba 1967 Garcia akahutubia huko kwa Kihispania, akihesabiwa kuwa mwakilishi wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo kwa lugha isiyo Kiingereza. Lugha iliyowaletea watoto viboko Texas ikasemwa kwa niaba ya dola lenyewe. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1968, Johnson alitia sahihi sheria ya elimu kwa lugha mbili, na mwaka 1969 Texas ikafuta ile ya 1918.

Kufikia wakati huo vijana wa vuguvugu la Chicano walikuwa wakimwona mzee wa bendera na barua za adabu. Hawakukosea kabisa. Hata hivyo, mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 58, daktari huyo alikamatwa na polisi kwa kuketi na waandamanaji kupinga utengano uliosalia katika shule za Corpus Christi. Miaka kumi na miwili baadaye Rais Reagan, ambaye hakuwa wa chama chake cha siasa, alimtunuku Nishani ya Uhuru, tuzo ya juu kabisa ya raia nchini humo.

Alifariki mjini Corpus Christi tarehe 26 Julai 1996. Shehena ya karatasi zake imehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha mji huo, zikiwemo barua za watu wa kawaida waliomwandikia daktari kumwomba awaulizie hundi, kitanda cha hospitali au nafasi ya mtoto darasani.