Julius Nyerere na Ujirani wa Afrika Mashariki

Mtahiniwa, Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1960 alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya na Uganda ziungane nayo katika shirikisho. Halikuundwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipitishwa Kaloleni, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzishwa, makao yake Arusha. Ujamaa wa Tanzania, ubepari wa Kenya na uhasama na Idi Amin wa Uganda vilichangia kuivunja mwaka 1977. Mpaka wa Kenya ulifungwa hadi 1983. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Siku 47 baadaye, Arusha, mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini. Ukijibu swali, usiishie kutaja miaka: onesha jinsi sera ya nje inavyomfanya jirani kuwa ndugu au mgeni.