Mwalimu alianza darasa la kwanza na miaka 12

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Maore. Zamu yetu ya maji ilifika usiku, bibi akanituma nikafungulie mfereji. Jamani, nilishindwa. Maji yote yalienda kwa jirani, mpaka mdogo wangu aliyeishia la saba akaja kuyarudisha. Nikamkumbuka Mwalimu Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na mpaka 1934 shule yake ilikuwa nyumbani: kuchunga mbuzi na kusikiliza wazee kwa baba yake, Mtemi Burito. Ndipo akaanza Mwisenge, Musoma. Kisha Tabora, Makerere, Edinburgh, ualimu Pugu. Mwaka 1955 akaacha chaki kwa ajili ya siasa.

Kinachotuhusu sisi wa chuo ni Oktoba 1966. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, hasa kukatwa mshahara. Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. (Hebu fikiria leo waguse bumu!) Mimi naona alikuwa mkali mno. Ila Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea. Hakutaka watoto wabaki nyumbani; alitaka shule iwe na shamba, na msomi arudi kwao bila kudharau jembe.

Mimi jembe silidharau. Sijui tu kulitumia, na kozi yangu, kwa taarifa yenu, ni uhandisi wa maji.