Maisha ya Mchungaji Bruno Gutmann

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, katika Ujerumani, mwaka 1876. Mwaka 1902 Misheni ya Leipzig ilimtuma Kilimanjaro, naye akawa mchungaji wa Wachaga huko Kidia kwa miaka mingi. Desturi zao hakuzidharau, bali alizichunguza kwa bidii, na kitabu chake cha sheria zao kilitolewa mwaka 1926. Alifundisha ya kuwa ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu, na kwa vifungo hivyo Wakristo watunzane.

Hata mwaka 1933 Hitler akashika utawala wa Ujerumani. Wanazi nao walisifu damu na taifa, ila waliviinua kama mungu, wakawaua Wayahudi wengi sana. Kwa hiyo baadaye wenye elimu walibishana juu ya Gutmann. Wengine waliona mafundisho yake yamekaribia mno yale ya Wanazi. Wengine walikana, maana yeye aliuweka ukoo chini ya Kristo, tena aliwaheshimu Waafrika, ambao Wanazi waliwadharau.

Gutmann alirudi kwao mwaka 1938, akafa mwaka 1966. Basi ukoo ni kipawa chema. Lakini ukifanywa kuwa bwana, damu ya jirani humwagika.