James Chapin, Mmarekani aliyemutafuta tausi wa Kongo kwa miaka 24

Muwindaji wa Pinga anayepiga ndege kwa karabine ya hewa anajua jambo moja: risasi ikiwa kubwa kuliko nyama, hakuna nyama. Njiwa aliyepigwa na bunduki ya vita anabakia manyoya tu. James Chapin alijifunza jambo hilo angali kijana, na kazi yake yote ilisimama juu yake, kwa kuwa yeye hakupiga ndege kusudi amule. Alitaka ngozi nzima.

Alizaliwa New York mwezi wa saba mwaka wa 1889. Akiwa mtoto alipenda kufuata ndege na wanyama wadogo, na bado kijana akapata kazi kwenye jumba kubwa la makumbusho la mji ule, lile la wanyama na viumbe. Mwaka wa 1909 jumba hilo likatuma watu wawili Kongo: Herbert Lang, ndiye mkubwa wa safari, na Chapin kama musaidizi. Alikuwa na miaka 19. Walipanda mtoni mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo, kiisha wakaingia pori ya Ituri na kuendelea mpaka Uele. Walitumwa kwanza kutafuta okapi na kifaru mweupe. Ilisemwa watarudi upesi, lakini safari ilifika mwaka wa 1915.

Lang alipiga picha, karibu 10,000. Chapin alichora, akaandika, na ndege walikuwa kazi yake. Wakusanyaji wa wakati ule walitumia bunduki ya kartushi zenye chembe ndogo sana za risasi, ndogo kama mbegu za ulezi, kusudi zisipasue ngozi. Ndege akianguka, haraka wanaweka pamba mdomoni na kwenye tundu za risasi, damu isichafue manyoya. Siku hiyohiyo anachunwa, juu joto la pori haingoji mtu. Ngozi inapakwa sumu ya arseniki ili wadudu wasiile, inajazwa pamba, mguuni inafungwa karatasi ndogo: mahali, tarehe, dume au jike. Ngozi isiyo na karatasi haina faida kwa mwenye elimu. Walirudi na ndege zaidi ya 6,000 kwa namna hiyo, na wabebaji waliotoa mizigo porini kwa kichwa na kwa mabega walikuwa Wakongomani. Kazi yao haionekani sana katika vitabu.

Mwaka wa 1913, huko Avakubi, kando ya mto Ituri, Chapin aliona kofia ya mwenyeji iliyopambwa kwa manyoya. Nyoya moja lilikuwa la rangi ya udongo mwekundu, na mistari myeusi. Alijua ndege za pori ile karibu zote, lakini nyoya lile lilimushinda. Akalichukua, akaenda nalo Amerika, akaliweka. Aliuliza, akalinganisha, hakuna jibu.

Haikumuzuia kuendelea na kazi. Mwaka wa 1926 na 1927 alirudi, safari hii milima ya Ruwenzori na ya Kivu. Mwaka wa 1932 akatoa kitabu cha kwanza juu ya ndege wa Kongo ya Wabelgiji. Vilikuwa vine vyote pamoja, na cha mwisho kilitoka mwaka wa 1954. Mtu mwingine angeliridhika na hiyo.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Mwaka wa 1936 Chapin alikuwa Tervuren, Ubelgiji, ndani ya jumba la makumbusho la Kongo. Juu ya kabati, katika njia ya ndani, aliona ndege wawili waliojazwa, wamewekwa pembeni kama vitu vya bure. Walikuwa wametoka kwa kompani ya Kasai, na karatasi yao ilisema ni tausi wachanga wa India. Chapin aliangalia bawa la jike. Nyoya lake la Avakubi ndilo hilo! Wenye elimu wote walikuwa wakijua tausi ni ndege wa Asia, kumbe Afrika nayo ina wake. Mwaka huohuo akamupa jina: Afropavo congensis.

Kwa watu wa pori jambo hilo halikuwa ajabu. Walikuwa wanamujua tangu zamani, wanamutega, wanamula, wanavaa manyoya yake. Hata wazungu wa machimbo walikwisha kumuonja mezani bila kuuliza jina.

Ngozi mbili za zamani zisizo na mahali wala tarehe hazikutosha. Mwaka wa 1937 Chapin akarudi, miaka 24 tangu kofia ya Avakubi, na akaenda Ayena katika pori. Hapo bunduki peke yake haikusaidia. Tausi wa Kongo mchana anatembea chini kwenye giza la miti, dume wa bluu nzito na kishungi cheupe kichwani, jike wa udongo na kijani. Akisikia mguu wa mtu anapotea, na usiku analala juu ya mti na kuita. Wawindaji wa kienyeji ndio waliojua njia zake. Waliongoza, Chapin akafuata, na ndege akapatikana.

Walikale nayo ina sehemu yake. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1949, Mswisi Charles Cordier alipeleka tausi wazima New York, na eneo la Utu, Walikale, ndiko alikofanyia kazi hiyo. Hakutumia risasi hata moja, maana wa kwake walipaswa kufika wakiwa hai. Leo bado ndege huyo anaishi katika pori za Maiko na upande wa chini wa Kahuzi-Biega, na mitego ya kamba iliyowekewa swala inamukamata yeye pia.

Uzeeni Chapin alirudi Kivu tena. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi Lwiro, karibu na Katana, ambako Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti. Alikufa New York mwezi wa ine mwaka wa 1964, miezi mine tu kabla Simba hawajaingia Stanleyville, mji aliofikia kijana wa miaka 19 na bunduki yake ya ndege.